Sakafu ya Pikapu ya Baba

Pikapu ya marehemu baba, ninayobebea viazi kwenda Kariakoo, ililiwa na kutu sakafuni, pale mwanangu anapoweka miguu. Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa Ilala anayejiita daktari wa bodi. Akanirudishia inang'aa. "Dada, hapa hata mafuriko ya Jangwani hayapenyi," akasema. Nami, mjinga, nikamshukuru.

Wiki haikuisha, mwanangu akaruka kutoka kitini, kisigino kikazama sakafuni. Nikachokonoa kwa bisibisi. Pati, ule udongo wa kuzibia bodi za magari, ikabanduka kama ukoko wa ugali, na chini yake mfuko wa saruji uliokunjwa. Mtoto wangu alikuwa anakanyaga karatasi iliyopakwa rangi!

Nikamrudia fundi. "Gari za Bongo zote ndivyo zilivyo, sista," akajibu huku anatafuna muhogo. "Kwani wewe ungefanyaje?"

Ningefanyaje? Jirani yangu anachomelea mageti; nikamwomba anifundishe. Nikakata kutu yote mpaka nikakuta chuma kinachong'aa, nikachomelea kipande cha bati nene. Mara ya kwanza nilitoboa tundu jingine. Mara ya pili bati likashika. Limekaa kama kovu, sikatai.

Nikampitia daktari wangu wa bodi makusudi, nikiwa na mwanangu. Akaitazama sakafu, akacheka mpaka akashika mbavu. "Hiki si kiraka cha suruali?"

"Piga," nikamwambia, nikampa nyundo.

Akapiga. Chuma kikalia. Akapiga tena kwa nguvu zaidi, maana hakuamini. Wenzake wakaacha kazi, wakatazama. Nikamnyang'anya nyundo, nikampandisha mwanangu mahali pake, nikawasha gari.