Uzi wa Kijani wa Muzdalifa

Muzdalifa hunusa nguo kabla ya kuitazama. Asubuhi mapema huingia soko la nguo la Shahe, jijini Guangzhou, China, akapenya katikati ya mikokoteni na jasho la wapagazi, akachomoa mtandio mmoja kutoka katikati ya bunda na kuuweka puani. Kisha huusugua kwa leso nyeupe iliyoloweshwa maji. Ukinuka ukungu au ukichuja rangi, bunda zima linarudi.

"Laoban, hii kavae wewe," humwambia bosi wa duka kwa Kiswahili, na bosi humwelewa vizuri kabisa.

Mitandio inayopita ukaguzi hupelekwa mtaa wa Dengfeng, kwenye chumba chake cha ghorofa ya nne, ambako fundi mmoja wa Kichina hushona lebo ya "Imetengenezwa China" kwenye upindo, kisha huweka mshono wa uzi wa kijani kwenye pembe ya kila mtandio. Wateja wake wa nyumbani, Darajani na Kariakoo, wanaujua uzi huo. Maana yake ni moja tu: Muzdalifa ameunusa huu.

Kazi hiyo ameifanya kwa miaka kumi na mmoja, na mwaka jana alikuwa ameichoka. Magoti yalimuuma kwa ngazi. Majira ya unyevu yalipofika, kuta za chumba zilitoka jasho, na mkate ulioachwa mezani jioni uliota manyoya ya kijivu. Alikuwa akiutupa huku amegeuza uso.

Wakati huohuo mdogo wake, Gharib, alimpigia simu kutoka Molise. Huo ni mkoa mdogo wa pwani huko Italia, usiojulikana sana hata Waitalia wenyewe hutania kwamba haupo. Gharib alikuwa na duka la watalii huko, na kwa miaka miwili dada yake alikuwa akimtumia mitandio.

"Njoo uone, dada. Ukipapenda, duka letu sote. Chumba cha juu kina dirisha la bahari."

Muzdalifa alimwarifu mwenye nyumba wake kwamba huenda akakiacha chumba mwisho wa mwezi, akaenda kwa siku tano.

Siku ya kwanza Gharib alimpeleka kwenye mgahawa wa ufukweni. Bahari ilikuwa safi, na majukwaa ya zamani ya kuvulia yalisimama majini kwa miguu yao myembamba ya mbao. Kisha sahani ikaletwa: kome wabichi, wamepasuliwa, wanang'aa kama makamasi. Kwenye meza ya jirani mwanamke mmoja aliwafyonza wake, halafu akaishusha sahani chini ili mbwa wake airambe.

"Astaghfirullah! Sahani hiyohiyo?"

"Wataiosha, dada. Kula basi. Kwetu si wala pweza wewe?"

"Pweza wetu hupigwa, akachemshwa, akafa mara tatu. Huyu ananitazama."

"Kome hana macho."

"Basi ananisikia. Mwondoe."

Gharib alicheka hadi machozi, akawala kome wote kumi na wawili. Muzdalifa alikula mkate na nyanya. Hata hivyo, alipolala usiku ule alisikia mawimbi dirishani, akaona kwamba mkate na nyanya angeweza kuvivumilia maisha yake yote.

Asubuhi alishuka dukani. Mlangoni alikaa bibi mmoja wa mji huo mbele ya mtambo wa mbao wa kufumia. Watalii wawili kutoka Roma walikuwa wakimpiga picha. Nyuma yake ilitundikwa mitandio ya bluu na ya kahawia, na Muzdalifa aliitambua yote, kwani alikuwa ameinusa mmoja mmoja. Gharib alishika pembe ya mmoja wao, akawaonyesha watalii ule uzi wa kijani na kusema maneno mengi kwa Kiitaliano. Mtalii mwanamke aliugusa uzi kwa ncha ya kidole, taratibu, kama mtu anayegusa utosi wa mtoto mchanga.

Walipoondoka na mitandio mitatu, Muzdalifa aliuliza, "Umewaambia nini?"

"Kwamba hiyo ni sahihi ya bibi. Kila anapomaliza kufuma mtandio, huacha uzi mmoja wa kijani."

"Na huyu bibi amefuma upi?"

"Hakuna. Anafuma shubiri moja asubuhi, jioni anaifumua. Namlipa kwa siku."

"Lebo zangu ziko wapi?"

Gharib alivuta droo bila aibu. Lebo za China zilikuwa zimerundikana humo, mamia kwa mamia, zimekatwa na kujikunja kama kucha za miguu. Muzdalifa aliisukuma droo kwa ncha ya kidole hadi ikafunga.

"Nani anaumia, dada? Mtandio haunuki, hauchuji. Wewe mwenyewe umeukagua. Mie naongeza hadithi tu."

"Umeongezea kwenye uzi wangu."

"Wetu. Si tunaungana?"

"Nitakujibu nikifika Guangzhou."

Siku zilizobaki alikwenda kuoga baharini mara moja tu. Maji yalikuwa maangavu, lakini alitoka akijihisi amenawa kwenye beseni lenye sabuni ya mtu mwingine.

Aliporudi, alikuta oda mpya ya Gharib: dazeni mia mbili bila lebo, na uzi wa kijani uwe mrefu zaidi, uonekane. Muzdalifa alikwenda Shahe, akanunua, akanusa, akasugua. Kisha akampa fundi rundo la lebo zilizoandikwa kwa Kiitaliano kwamba mtandio umetengenezwa China, akamwagiza azishone palepale pembeni kwa uzi uleule wa kijani. Mizigo ilipitia bandari ya Nansha kama kawaida.

Wiki saba baadaye simu ililia.

"Dada, umenifanyia nini? Nikikata lebo, uzi unatoka nayo!"

"Unatoka, ndiyo."

"Sasa bibi atakuwa na sahihi gani?"

"Mwambie asifumue jioni."

"Na chumba cha juu? Bahari yako?"

Muzdalifa alitazama ukuta. Unyevu ulikuwa umerudi, na tone moja lilikuwa likiteremka polepole karibu na swichi ya taa.

"Mpangishe mtu mwingine," alisema.

Alimwandikia mwenye nyumba kwamba anabaki, akaupangusa ukuta kwa kitambaa, akakinusa kile kitambaa, akakunja uso na kukitupa.