Maziwa Yaliyobaki Kikombeni

Mwanangu alikuwa na mzio wa maziwa ya ng'ombe. Akionja kidogo tu, uso ulivimba na pumzi ikamsumbua. Kwetu Olenguruone mtu akikataa maziwa huulizwa amekosewa nini, kwa hiyo nilijibu maswali mpaka nikachoka na watu. Daktari alituruhusu maziwa ya ngamia. Niliyanunua kwa mwanamke mmoja sokoni Nakuru, nikawa namtumia Mama, aliyenilelea mtoto nikiwa kazini.

Siku moja mtoto alivimba baada ya kuyanywa, akafa kabla ya kufikishwa hospitalini. Siku ya mazishi kila mtu alikuwa ameshaamua kwamba muuzaji ndiye aliyeyachanganya na ya ng'ombe. Kaka yangu alienda sokoni akamwaga maziwa yake yote chini, na yule mwanamke hajaonekana tena pale.

Kazi yangu ni kupima protini za vyakula maabarani. Nilichukua maziwa yaliyosalia kwenye mtungi wa plastiki wa muuzaji, na yale aliyoyabakisha mtoto kikombeni, ambayo Mama hakuwa na moyo wa kuyamwaga. Niliyatia kwenye jeli nikawasha umeme. Protini ndogo hukimbia mbele, kubwa hujikokota nyuma, kisha rangi ya buluu huonyesha kila moja iliposimama. Kuna moja ambayo ng'ombe anayo na ngamia hana. Maziwa ya mtungini hayakuwa nayo. Ya kikombeni yalikuwa nayo, mstari mwembamba kama uzi. Nilikaa sakafuni na koti langu jeupe.

Nilimpigia Mama nikamuuliza aliyaweka wapi maziwa.

"Si niliweka kwa kibuyu," alisema. "Maziwa ya mtoto haiwezi kukaa kwa plastiki. Na niliisugua na makaa vizuri kabisa."

Kibuyu kile kimelaza maziwa ya ng'ombe tangu nikiwa mdogo, na vibuyu vyetu haviguswi na sabuni. Nilimwambia ya ng'ombe yalitoka humo. Sikutaka, lakini mwanamke wa watu alikuwa amebebeshwa kifo cha mtoto wangu.

"Pima tena," Mama alisema.

Nikapima tena. Tangu hapo, kila akimwota mtoto akiomba maziwa, hunipigia na kunisihi nirudie, labda mashine imekosea. Nami hutoa kwenye friza kichupa kingine cha yale maziwa ya kikombeni, na ule uzi wa buluu hutokea mahali pale pale. Siku hizi nauona hata nikiosha vyombo nyumbani, na ninauogopa.

Juzi alipiga tena. Nilifungua friza nikakuta kichupa kimoja tu.

"Mama, imebaki moja," nilisema. "Hii ndiyo ya mwisho yenye aliacha. Nikipima, itaisha."

Nilisikia ng'ombe wake wakilia upande ule.

"Basi iache," alisema. "Ni mimi."