Ubao Uliosema Kupita Kiasi

Haya jamani, mnaosikiliza na mnaojifanya mnachezea simu, inueni nyuso! Na wewe mwanangu uliyenionyesha lile tangazo la saluni yako ulilolichora kwenye simu, kaa hapa karibu yangu, leo sikugombezi. Tangazo zuri. Lina maua, lina nyota, lina tai karuka, lina herufi za kila ukoo, lina mwanamke anacheka na mwingine anacheka kumzidi. Nimelitazama mpaka macho yakaniomba ruhusa yakalale. Kitu kimoja tu sikukiona: hiyo saluni yenyewe iko wapi.

Usinune. Kazi hiyo ni yangu pia, ila wewe unapaka kwa kidole, mimi nilipaka kwa brashi. Shule niliipita kwa nje, tukasalimiana, kila mtu akaenda zake. Lakini kuchora, weee! Nilichora samaki changu kwenye ukuta wa bucha la samaki pale Kilwa Masoko, paka wa mji mzima wakahamia chini yake wakingoja aanguke. Mmoja alizeekea pale pale.

Ipo siku naikumbuka, nikiikumbuka nacheka peke yangu njiani watu wanadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Mama mmoja mjane, Bi Sharifa, alifungua mgahawa wa wali wa nazi karibu na gati, akaniita nimchoree ubao wa kutundika nje. Sasa Bi Sharifa huyo alikuwa na binti, Zainabu. Zainabu akipita na ndoo kichwani, wacheza bao wote wanasahau zamu ilikuwa ya nani. Nilimtaka, nikamtuma mtu aseme. Mama mtu akajibu, "Kwanza nione kazi ya mikono yake. Kijana asiyejua kutengeneza ubao, atajua kutengeneza nyumba?"

Mwanangu, ule ubao ndio ulikuwa posa yangu. Nikajifungia nao. Nikachora samaki, nikachora pweza mwenye mikono mingi kuliko aliyopewa na Mungu, nikachora sufuria inafuka, mnazi, jahazi, jua linachwa upande huu na mwezi unatoka upande ule. Palipobaki upenyo nikaweka simba. Ukiniuliza simba anakula wali wa nazi wapi, sijui mpaka leo. Rangi zote dukani nilizimaliza, muuzaji akafunga mapema akaenda kulala.

Halafu nikaona, kanga ina jina lake, yale maneno ya pale chini, na ubao wangu uwe na jina. Nikaandika kwa herufi kubwa: NJOO ULE, ACHA KUCHUNGULIA. Nikajipongeza mwenyewe, maana hakukuwa na mwingine karibu.

Tukautundika asubuhi. Akatokea bwana mmoja katoka Likawage, kasafiri juu ya magunia ya korosho, njaa imemkata. Akasimama chini ya ubao, akautazama, akautazama tena, akaniuliza kwa adabu zote, "Samahani mwanangu, hapa ndipo panapouzwa rangi?"

Hilo dogo. Ng'ambo ya njia, uso kwa uso na mgahawa, alikuwa anakaa Bi Rehema, muuza nazi. Nazi zote za Bi Sharifa zinatoka kwake. Na mama huyo kazi yake kubwa, ukiacha nazi, ni kukaa barazani kutazama nani kaingia wapi. Akasoma ubao. Akasoma tena kwa sauti. Akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kanga akaitandaza mlangoni ili jina lisomeke: KIMYA CHANGU SI UJINGA. Kisha akatangaza mtaa mzima usikie, "Mchunguliaji mimi? Basi nazi zangu nazo zimefumba macho, hazimwoni mtu!"

Mnajua wenyewe, pwani yetu hii neno likishaandikwa halikai bure, linamtafuta mwenyewe, na lisipompata linampata jirani. Watu wakajaa. Wamekuja kula? Wapi! Wamekuja kuona kanga ipi itajibu. Na wali wa mchana ule ukapikwa kwa maji matupu. Wali bila nazi, Kilwa hii! Mteja mmoja alitia tonge mdomoni akauliza nani mgonjwa humu ndani.

Nikajua nimekwisha. Mke sina tena, na mgahawa wa mjane nimeuua ukiwa mchanga. Bi Sharifa akaniita uani. Nilidhani nitaonja mwiko. Hakupiga kelele. Alifungua sanduku akatoa kanga yake nzuri, akainyoosha mkekani.

"Hili nini?"

"Pindo, mama."

"Na hapa kati?"

"Mji."

"Pindo limenyamaza ili mji useme. Ubao wako, baba, kila mtu anasema, simba naye kachangia. Jicho la mgeni litaketi wapi?" Kisha akaweka kidole kwenye maandishi. "Na jina je? Mwanamke hampi mwenzie kanga mpaka alisome jina kwa macho ya huyo atakayeivaa. Wewe ulisoma kwa macho ya nani?"

"Yangu, mama."

"Ndiyo maana likakupendeza." Akacheka, mimi roho ikarudi. "Sasa niambie, mtu mwenye njaa akifika pale mlangoni, neno lake la kwanza ni lipi?"

Nikafikiri. "Anauliza, wali umeiva?"

"Basi mjibu. Usimhutubie."

Mwanangu, nililia kupaka chokaa juu ya yule pweza, lakini nilipaka. Ubao mweupe pee. Upande mmoja nikachora sufuria, mfuniko umeinuka kidogo, nikaandika neno moja: UMEIVA. Upande wa pili sufuria imefunikwa: BADO. Wali ukiwa tayari, unageuza. Watu wa Songo Mnara wakishuka tu gatini wanasoma, wanaongeza mwendo.

Kisha nikaenda kwa Bi Rehema, nimeshika kofia mkononi. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mchoraji wa watu."

"Bibi, nisamehe. Lile neno nilimwandikia mteja, halikuwa lako."

"Na kuchungulia nitachungulia! Macho yangu, baraza yangu!" Akautazama ubao mpya, nikamwona mdomo unamcheza. "Huo nausoma nikiwa nimekaa hapa hapa. Haya, chukua nazi umpelekee."

Tangu siku hiyo ubao ukigeuzwa, yeye ndiye wa kwanza kupaza sauti, "Umeivaaa! Nimechungulia mwenyewe!" Inasikika mpaka Kisiwani, na samaki wanakimbia wakijua wanaitiwa nini.

Sasa sikieni wanangu, hapa ndipo nilipokuwa naelekea. Kizuri chajiuza, wahenga walisema, ila nacho kinataka nafasi ya kupumua. Ukiwa na kumi unayoyaweza, mpe mtu moja analolitaka, tisa kaa nayo, hayaozi. Mtaka yote hukosa yote. Na neno kabla hujalitundika, nenda ng'ambo ya njia ukae alipokaa mwenzio, ulisome kutokea kule. Hiyo saluni yako, futa tai, mwambie mama wa watu ni wapi na unasuka nini, basi. Mungu awape mikono myepesi na macho yenye huruma, awaepushe na simba wasioitwa, na kila mtakachokitundika kimlete mtu ndani akiwa anatabasamu. Amina.

Eh? Zainabu? Nilijua mtauliza tu. Mjomba wangu alikwenda rasmi na wazee, wakakaa mkekani, wakamwaga maneno yao ya heshima, wakaomba jibu. Na binti, desturi mnaijua, anakaa nyuma ya pazia kimya, ukimya wake ndiyo ridhaa yake. Bi Sharifa naye akataka kujishaua kidogo, asionekane kachoka na mwanawe. Akajifunga kanga vizuri, akakohoa, akasema, "Bado."

Mjomba akaanza kutafuta makubadhi yake. Mara pazia likatikisika, sauti ikatoka:

"Umeiva, mama! Umeiva tangu mwaka jana, sasa unaungua!"