Aliyenifungia Magurudumu

Msinicheke. Najua ukisimulia jambo kama hili hapa Kampala, watu wanakuuliza ulikunywa nini. Mimi pombe sijawahi kuonja, na haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa macho.

Mama alikuwa amelala kiti cha nyuma, pumu imembana, dawa yake ya kuvuta imekwisha. Mvua ilikuwa imenyesha tangu adhuhuri, na njia ya mkato kutoka kwangu hadi kituo cha afya kule Ggaba inapita kwenye kinamasi. Niliendesha gari la kaka, la zamani, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Kaka alikuwa amenifundisha mara moja tu: "Kabla ya tope, shuka uzungushe kwa mkono vifungio vilivyo katikati ya magurudumu ya mbele, la kulia na la kushoto. Usipofunga, hiyo gia ya magurudumu manne ni pambo. Na ukishaingia, usisimame."

Je, nilishuka? Wapi! Nilikuwa na viatu vipya vya Idi. Nikavuta gia, nikaingia.

Gari likazama. Kila nikikanyaga mafuta, magurudumu ya nyuma yanazidi kuchimba. Mama anaita, "Mwanangu... mwanangu..." na pumzi inakatika. Nililia, wallahi. Nikapiga kelele, "Yeyote aje anitoe hapa, achukue anachotaka!" Mdomo huu jamani!

Akaja mwanamume mmoja wa makamo, amevaa koti. Koti kavu, nawaambia, na mvua inamwagika! Alitembea juu ya lile tope na miguu yake haikuzama. Akachuchumaa kwenye gurudumu la kulia, kisha la kushoto, nikasikia vifungio vikilia ka, ka. Halafu akaja dirishani.

"Nimekufungia, nnyabo. Nenda polepole, usisimame."

"Asante sana, ssebo. Nikupe nini?"

"Ulishasema."

Gari likajivuta, likatoka. Hatujafika mbali, nikasikia sauti nyuma yetu, kule kule matopeni: "Mwanangu, nisubiri! Unaniacha?" Sauti ya Mama! Nikatazama kioo. Mama yuko kitini, macho wazi, midomo inacheza na hakuna kinachotoka. Mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Nisimame tuzame tena, anifie mikononi? Nilikanyaga mafuta.

Tulifika kituoni, wakamtibu, kifua chake kikapona. Anakula, anatembea, anaswali kwa midomo. Ila neno hajatoa hadi leo. Daktari anasema koo ni zima kabisa. Nimerudi kinamasini mara nyingi nikamwomba yule mtu arudishe sauti ya Mama, nimemwahidi hata gari, hajatokea tena.

Kwa hiyo wewe unayejifunza kuendesha kwenye matope, shuka. Viatu vitaoshwa. Funga magurudumu yako mwenyewe, kwa mkono wako. Na mvua ikikukuta njia ile, ukasikia mama mtu mzima akiita, "Mwanangu, nisubiri," usisimame. Lakini nakuomba, shusha kioo umjibu. Mwambie sijamsahau.