Sanduku la Askofu, Rubani na Daktari

Shangazi yangu, dada yake Baba, alikuwa mtu wa Mwanza. Hakuzaliwa huko. Alizaliwa Nyakakika kama sisi na akalelewa kwa ndizi na maharage kama sisi, lakini tangu aolewe na bwana mmoja wa shirika la umma, alianza kuzungumzia Karagwe kama mtu anayesimulia nchi aliyoisoma kwenye jiografia. "Huko kwenu mvua zimenyesha?" alikuwa akimuuliza Baba. Na Baba, aliyekuwa akipalilia kahawa iliyopandwa na baba yao wote wawili, alikuwa anajibu kwa upole, "Huku kwetu zimenyesha."

Ilikuwa miaka michache baada ya vita, ile miaka ambayo sabuni ilikatwa vipande kwa uzi na kitambaa kipya kilisikika tu kwa jina. Siku moja dereva wa lori la kahawa alisimama barabarani mbele ya kibanja chetu cha migomba, akapiga honi, akamwita Mama. Alikuwa na ujumbe wa mdomo kutoka kwa Shangazi. Mtoto wake wa mwisho alikuwa anafanyiwa sherehe ya kuzaliwa, kubwa, wakubwa wa mji wangekuwepo, na nauli ya meli ameshalipa. Kisha dereva akafunga macho ili akumbuke sawasawa.

"Amesema watoto wote wa Mwanza watavaa nguo za kuigiza, kila mtoto na kazi atakayofanya akikua. Na wenu waje na zao."

"Na wetu waje na zao," Mama akarudia polepole.

Mama yangu alikuwa ameokoka. Nalieleza hili mapema kwa sababu bila hilo mengine hayataeleweka. Kila wiki wenzake waliookoka walikusanyika sebuleni kwetu, wakatubu kwa sauti, wakaulizana maswali magumu, na aliyeiba jembe akaambiwa alirudishe kwa mwenyewe. Mtu wa namna hiyo unatarajia asijali mashindano ya dunia. Mama aliyajali sana. Alikuwa amesamehe maadui zake wote isipokuwa wifi yake.

Jioni ile alitupanga sisi watoto ukutani kama fundi anayepima mbao. Mimi, mkubwa, nikawa daktari. Mdogo wangu anayenifuata akawa rubani. Wa mwisho, aliyekuwa bado hajaanza shule, akawa askofu. Hakuna aliyetuuliza. Mdogo wangu, ambaye alitaka kuwa utingo wa lori, alianza kulia, akaambiwa marubani hawalii.

Kazi ya kushona ikaanza. Joho la askofu lilitokana na mapazia ya zambarau ya sebuleni, na tangu siku hiyo kila aliyepita njiani aliweza kuona tunakula nini. Msalaba wa kifuani ulikuwa vijiti viwili vilivyofungwa kwa karatasi za dhahabu za pakiti za sigara. Sigara zilikuwa za Baba, ambaye hakuwa ameokoka, na hiyo ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho Mama alimshukuru Mungu kwa jambo hilo. Rubani alipewa kofia ya mgambo ya Baba, ikazungushiwa karatasi zilezile za dhahabu. Bibi mmoja jirani aliuliza kofia hiyo ni ya nini. Alipoambiwa ni ya mwendesha ndege, alirudi nyuma hatua kadhaa. Ndege alizozifahamu yeye ni zile za wakati wa vita, zilizotufanya tulale migombani.

Koti langu la daktari lilishonwa kwa mifuko ya unga wa msaada. Kilikuwa kitambaa kizuri, cheupe, kigumu. Tatizo lilikuwa maandishi ya Kizungu mgongoni, yaliyosema kwamba unga huo ni zawadi na hauruhusiwi kuuzwa. Mama aliyasugua kwa majivu, akayaanika, akayasugua tena. Yalizidi kung'aa.

"Ukifika huko usimpe mtu mgongo," akaniambia.

Kofia ya askofu ndiyo iliyoleta ugomvi. Mama aliitengeneza kwa boksi la sabuni, ndefu, yenye ncha juu, ikavishwa kitambaa cheupe.

"Mama watoto," Baba akasema, "hiyo si ni ya Wakatoliki? Askofu wetu sisi Walutheri sijamwona nayo."

"Watu wa Mwanza watamjuaje kama ni askofu?"

"Watauliza."

"Mwanangu hatakuwa askofu wa kuulizwa."

Siku ya kufunga mizigo, sanduku letu la bati, lililokuwa moja tu, lilichukuliwa lote na nguo za kuigiza. Mapazia yalikunjwa chini, koti juu yake, kofia ya mgambo ikajazwa majani makavu ya migomba ili isibonyee. Nguo zetu za kawaida, zilizokuwa chache, ziliwekwa kwenye kikapu pamoja na ndizi mbivu na senene wa kukaanga. Baba alitazama kikapu, akatazama sanduku.

"Na siku nyingine zote watavaa nini?"

"Watavaa walizovaa," Mama akasema, akakaa juu ya sanduku ili lifunge.

Halikufunga, kwa sababu ya kofia ya askofu. Wakaijaribu imelala, wakaijaribu imesimama. Mwishowe Mama aliamua kwamba mahali salama pa kofia ni kichwani. Hivyo ndivyo mdogo wangu alivyoondoka Nyakakika akiwa amevaa kaptura yenye viraka viwili na kofia ya uaskofu, akapanda lori, akashuka Bukoba amefunikwa vumbi hadi kope, kofia iko palepale. Baba alibaki na kahawa yake. Nadhani alipumzika.

Melini tulikuwa daraja la tatu, katikati ya mikungu ya ndizi na magunia. Rubani wetu alitapika kabla hatujatoka bandarini. Mimi, daktari, nilimkimbia. Lakini askofu alistawi. Mzee mmoja mwenye magunia ya kahawa alimwona amesimama kwenye mlango, kofia imegusa bomba, akavua ya kwake.

"Shikamoo Baba Askofu."

Mtoto, ambaye alikuwa bado anafundishwa kuwaamkia wakubwa, alimtazama tu kidogo kisha akasema, "Marahaba."

Daraja la tatu lote likaangua kicheko. Kuanzia hapo hawakumwacha. Huyu alitaka aombewe ziwa litulie, yule alitaka mkungu wake ubarikiwe usiive kabla ya soko. Mama mmoja alimpa karanga, mwingine kipande cha muwa. Alibariki kila kitu alichoonyeshwa, kwa sauti ileile ya wageni wa sebuleni kwetu, mikono juu, macho yamefumbwa, akikohoa kidogo katikati kama mwinjilisti wetu. Mama alijifanya anamkataza. Uso wake ulikuwa unang'aa kama ametiwa mafuta.

Asubuhi Shangazi alikuwa akitusubiri bandarini Mwanza, amevaa miwani ya jua ingawa kulikuwa na mawingu.

"Shikamoo Shangazi," tukasema.

"Marahaba. Wifi, karibuni. Hii kofia ni ya nini? Nguo mmekuja nazo?"

"Tumekuja nazo, wifi. Sanduku zima."

Alifurahi kweli. Nyumbani kwake, kilimani, mahali ziwa lilipoonekana dirishani kana kwamba nalo lilikuwa mali ya shirika, alifungua sanduku mwenyewe. Akatoa mapazia. Akatoa koti. Akaitoa kofia ya mgambo kwa vidole viwili, majani ya migomba yakamwagika kwenye zulia. Akaendelea kupekua hadi akafika kwenye bati tupu.

"Rubugo ziko wapi?"

"Rubugo zipi?"

"Nguo za magome, wifi! Na njuga! Nimewaahidi wageni wangu ngoma ya asili kutoka Karagwe. Nilisema watoto wa hapa watavaa kazi zao, na wenu waje na *zao*. Zao!"

"Hizi ndizo zao," Mama akasema.

Shangazi aliketi kwenye kochi. Akatutazama mmoja mmoja, akaniuliza kwa sauti ya kutafuta amani, "Wewe utakuwa nesi?"

"Daktari," Mama akajibu kwa niaba yangu.

"Sikiliza, wifi. Tutawafunga kanga kiunoni, tutawapaka chokaa usoni, waruke ruke tu. Nani atajua?"

"Watoto wangu hawajui ngoma. Sisi tumeokoka."

"Kwani wataulizwa?"

Mama alikusanya nguo zake, akazirudisha sandukuni moja moja, akazikunja upya vizuri kuliko alivyozikunja nyumbani. Nilimjua Mama akinyamaza namna hiyo. Hata Baba alikuwa anaenda kukata kuni.

Siku ya sherehe watoto wa mji walianza kufika na magari. Nilikuwa nimejiandaa kuaibika mbele ya madaktari wa kweli na marubani wa kweli. Hawakuwepo. Wavulana karibu wote walikuwa wakurugenzi. Walivaa suti ndogo na tai, wakabeba mikoba mitupu, na mtoto wa Shangazi alikuwa mkurugenzi kuliko wote kwa sababu mkoba wake ulikuwa na kufuli. Wasichana karibu wote walikuwa maharusi. Nilisimama nimebana mgongo ukutani, nikajiuliza wakurugenzi wote hao watamwongoza nani.

Ngoma ya asili haikuchezwa. Shangazi aliwaambia wageni kwamba vyombo vimecheleweshwa na meli. Mama alitutoa chumbani tumevaa tayari: daktari, rubani, na nyuma yetu askofu wa zambarau, akiburuta joho na kushika fimbo ya Baba. Watu wakapiga makofi. Walicheka pia, kicheko cha kuona nyani kavaa viatu, na Mama alikisikia.

Mgeni mkubwa alikuwa mkuu wa shirika, yaani mkubwa wa bwana wa Shangazi. Alikuwa mnene, mcheshi, na alikuwa ameshamaliza bia kadhaa. Kiti kilichokuwa karibu naye kilikaliwa na dada mmoja kijana aliyetambulishwa kwa kila mtu kama binamu. Mkubwa alipoona askofu, aliinuka, akaja kupiga goti mbele yake kwenye nyasi. Watu wakasogea watazame.

"Baba Askofu, nibariki!"

Wa melini walipewa baraka mara moja. Huyu alikuwa na glasi mkononi, na mdogo wangu alijua kutoka sebuleni kwetu kwamba mtu mwenye pombe ana utaratibu wake.

"Umetubu?" akauliza.

Watu wakacheka sana. "Nimetubu, Baba Askofu!"

"Umeiba nini?"

Kicheko kikapungua. Mkubwa naye akacheka, lakini peke yake. "Mimi? Sijaiba kitu!"

"Usifiche," askofu akasema kwa upole, akamwekea mkono kichwani kama mwinjilisti wetu anavyofanya. "Bwana anaona. Sema umeiba nini, halafu urudishe."

Pale nyasini kulikuwa na watu wa shirika lile pekee, na wake zao. Nilikuwa mdogo, lakini niliona jinsi kila mmoja alivyopata kitu cha kutazama: kiatu, glasi, ziwa. Mhasibu mmoja alianza kukohoa na hakuweza kuacha. Dada binamu alicheka kwa sauti kali, peke yake, akaziba mdomo. Askofu akageuka.

"Na huyu mama ni mke wako?"

Mama ndiye aliyemchukua. Alimnyanyua mzima mzima na joho lake, akampeleka chumbani, na hakumchapa. Mkubwa aliinuka, akapangusa goti, akasema watoto wa siku hizi ni hodari sana, akakumbuka ana kikao. Ilikuwa Jumapili. Keki ilikatwa na watu wachache.

Shangazi hakusema neno hadi magari yote yalipoondoka. Kisha alisema mengi. Alisema tumemfukarisha, tumemwua, ndiyo maana huko kwenu hamwendelei. Mama alikuwa akikunja mapazia.

"Wifi, uliahidi wageni wako kitu cha asili kutoka Karagwe," akasema. "Wamekiona."

Kesho yake bwana wa Shangazi alitupeleka bandarini, kabla ya siku iliyopangwa ya safari yetu. Alikuwa mtu mkimya ambaye sikuwahi kumsikia akitoa sentensi nzima. Tulipokunja kona ya kwanza mabega yake yakaanza kutikisika. Akasimamisha gari kando ya barabara, akaegemea usukani, akacheka hadi akatoa leso.

"Shemeji," akamwambia Mama alipopata pumzi, "miaka yote nimekaa vikao na yule mtu. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kumuuliza."

Mdogo wangu, aliyekuwa nyuma na kofia yake, akainama mbele.

"Na wewe umeiba nini?"

Yule bwana aliacha kucheka. Alimtazama kwenye kioo.

"Mabati," akasema. "Kidogo tu."

"Rudisha."

Akawasha gari. Sijui kama alirudisha. Ninachojua ni kwamba nyumba aliyokuwa akijenga Bukoba ilikaa muda mrefu bila paa, hadi tukaanza kumheshimu, kisha ikaezekwa yote kwa wakati mmoja, mabati mapya matupu.

Nyumbani, wenzake Mama walipokusanyika, aliinuka kutoa ushuhuda. Alimshukuru Mungu kwa kufungua mlango wa Injili Mwanza na kwa kumtumia mtoto mdogo kuwafikia wakubwa wa dunia. Wakasema amina. Hakutaja wifi wala keki. Baba alikuwa nje dirishani, dirisha lisilo na pazia, anavuta sigara, na sote tulimwona akicheka.