Bajaji Tatu Nyuma ya Turubai

Wako watu wanaofungua duka ili wateja waingie. Adrien alifungua la kwake, kisha akakaa mlangoni kuwazuia. Usidhani natania. Kwa miezi minne mizima, hapo Joubert Park, katikati ya Johannesburg, mtaa ambao hata mwenye kiatu kimoja cha mguu wa kushoto humpata mnunuzi kabla ya saa sita, Adrien alikuwa na bajaji tatu mpya, nyekundu, na hakuuza hata kioo cha pembeni.

Mjinga hakuwa. Alikuwa Mrundi wa Bujumbura, mzaliwa wa Bwiza, mwenye miaka arobaini na sita, na kwa miaka kumi na minne alikuwa mlinzi wa geti kwenye majengo ya ofisi kule Randburg. Wakubwa wake walimsifu kwamba hajawahi kumpitisha mtu asiyejulikana. Sifa hiyo aliibeba kifuani kama medali. Laiti angeiacha hukohuko Randburg!

Wazo la bajaji lilimjia siku umeme ulipokatika. Taa za njia panda, ambazo Johannesburg nzima huziita robot, zilizimika zote kuanzia Braamfontein mpaka kaskazini, na taxi aliyopanda, daladala ya huku, ilisimama saa mbili bila kusogea hata hatua tano. Abiria mmoja alisinzia akamlalia begani. Dada mmoja kwenye gari la pembeni alijipaka rangi ya mdomo, akaifuta, akajipaka tena. Adrien aliwaza Bujumbura, bajaji zinavyopenya kati ya malori mawili kama sindano kwenye kitambaa, dereva akiwa anakula ndizi kwa mkono mmoja.

"Mji huu unalilia bajaji," alimwambia mkewe jioni ile.

Mkewe, Capitoline, hakusikia mji ukilia. Alisema tu kwamba barabara za hapa zina wenyewe, kwamba wenye taxi wana vyama vyao, na mtu akianza kuwapakia abiria wao, watamtafuta kabla hajafika robot ya pili.

"Sibebi abiria, Mama Fiacre. Mimi ninauza. Atakayebeba, ajuane nao mwenyewe."

Basi, ndivyo mfanyabiashara anavyofikiri, na hapo sina la kumlaumu. La kumlaumu linakuja.

Capitoline alikuwa fundi cherehani. Alikuwa na chumba chake chini ya jengo wanaloishi, chenye mlango wa bati wa kusukuma juu, vyerehani vitatu, meza ya kukatia na kioo kirefu. Alikipata chumba hicho baada ya miaka tisa ya kushonea kitandani. Wanakwaya wa makanisa matano walivaa kazi yake, na mabibi harusi wa Kikongo walimjia kutoka hadi Yeoville. Adrien alikiomba chumba hicho kwa miezi mitatu, bajaji zipate pa kukaa. Capitoline alikataa mara mbili. Mara ya tatu akakubali, kwa kuwa mumewe alikuwa amekwisha toa akiba yake yote, na bajaji zilikuwa njiani kutoka Durban.

Vyerehani vikapandishwa ghorofa ya nne. Lifti ya jengo hilo ilikufa zamani na hakuna aliyeizika. Wateja wa Capitoline, wanawake wenye miili iliyolishwa ikashiba, walianza kupanda ngazi kwa ajili ya kupimwa. Wawili walifika ghorofa ya pili wakakaa chini, wakampigia simu ashuke awapime papo hapo, watu wakipita na ndoo za maji. Mmoja hakurudi tena. Alikwenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara.

"Pasaka inikute chini, kwenye chumba changu," Capitoline alimwambia mumewe. "Nimekupa chumba, sikukupa kazi yangu. Ikifa kazi yangu, Papa Fiacre, sitakaa hapa kukushonea soksi."

Adrien aliapa. Pasaka ilikuwa mbali bado.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Kule kwao, kaka yake Alexis aliwahi kununua mashine ya kusaga. Alifanya karamu, akaita mtaa mzima, akaitangaza. Wiki haikuisha akaanguka kitandani. Daktari alisema ni malaria. Ukoo ulijua zaidi ya daktari: ni macho ya watu. Tangu siku hiyo Adrien alishika sheria moja maishani, kwamba jambo lako lisijulikane mpaka limekamilika. Alipofunga ndoa, majirani walijua baada ya wiki mbili. Mwanawe Fiacre alipozaliwa, mchungaji aliona mtoto anatambaa ndipo akaambiwa ipo mimba.

Sheria hiyo si mbaya kwa ndoa. Kwa duka ni msiba. Adrien alizifunika bajaji zote tatu kwa turubai la buluu. Kibao hakuweka. Mlango wa bati aliupandisha nusu tu, kiasi cha mtu kuingia akiwa ameinama, naye mwenyewe akaketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya nafasi hiyo. Duka lilikuwa wazi siku zake za mapumziko tu. Siku za kazi alilifunga, akaenda Randburg na ufunguo mfukoni. Capitoline alipomwuliza wateja watajuaje, alimjibu kwa methali.

"Kizuri chajiuza."

"Kizuri kinajiuza kikionekana," alisema Capitoline. "Chako kimevaa turubai."

Ajabu ni kwamba watu walijua. Bajaji tatu haziingii Joubert Park kwenye lori kubwa mchana kweupe bila mtu kuona. Wa kwanza kuja alikuwa Mama Héritière, Mkongo wa Bukavu, muuza sombe, yaani kisamvu, na samaki wakavu, ambaye kila alfajiri alikodi gari la mtu kuleta mizigo yake kutoka soko kuu.

"Papa Fiacre, hodi! Nasikia uko na bajaji. Miye niko natafuta moja, ya kubebea mboga."

Adrien hakusimama. "Nani alikuambia?"

"Aa, si watu."

"Watu gani? Majina yao?"

Mama Héritière alicheka, akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Adrien alichukua daftari lililokuwa mapajani mwake. Lilikuwa daftari kama lile la getini Randburg, na alikuwa amelichora mistari mwenyewe kwa rula: jina, nchi, namba ya simu, namba ya hati, umetumwa na nani, sababu ya kuja, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Alimpa na kalamu.

Kwa nini? Kwa sababu hivyo ndivyo alivyojua kazi. Miaka kumi na minne, kila uso uliomjia ulikuwa na kosa mpaka uthibitishe vinginevyo. Tena aliwaza kwamba mwenye jicho baya haandiki namba yake ya hati. Mama Héritière, mtu mvumilivu, aliandika yote. Pale pa sababu ya kuja aliandika, kwa herufi kubwa, KUNUNUA BAJAJI.

Adrien alisoma, akatikisa kichwa taratibu.

"Nitakupigia, mama. Kwanza nifanye uchunguzi."

"Uchunguzi wa nini? Mimi ndiye nanunua, si wewe unanioa!"

"Nitakupigia."

Hakupiga. Alimfikiria wiki nzima, akakumbuka kwamba mama huyo aliwahi kuusifu mlango wao mpya wa nyumbani. Mtu anayesifu mlango anataka nini? Jina lake likabaki daftarini, na Mama Héritière akanunua bajaji kwa muuzaji mwingine kule Fordsburg. Alipita nayo mbele ya duka, kabichi zimejaa hadi darini, akapiga honi mara mbili. Adrien alimwambia mkewe kwamba honi ile ilikuwa ya kijicho.

Baada yake walikuja wengine. Kijana mmoja aitwaye Jacques, msambazaji wa mikate, aliona safu ya namba ya hati, akaona suruali ya sare ya Adrien na buti zake zinazong'aa, akasema anakwenda kuchukua kalamu yake. Kalamu alikuwa ameishika mkononi. Habari zikaenea Hillbrow yote kwamba pale Joubert Park kuna mtego, serikali imeweka bajaji kama chambo ili kunasa watu ambao karatasi zao zimekwisha muda. Mchungaji Elisée wa kanisa lao alikuja mwenyewe, na chupa ya mafuta, aombee biashara.

"Biashara gani, mchungaji?" aliuliza Adrien, nyuma yake turubai likiwa limevimba kwa bajaji tatu.

Mchungaji alitazama turubai. Akamtazama Adrien. Akaweka chupa yake mfukoni, akaondoka bila kuaga.

Mwezi wa nne ulipokwisha, daftari lilikuwa na majina ishirini na matatu, na sababu ya kuja ilikuwa ileile kuanzia juu hadi chini. Daftari lililotunzwa vizuri namna hiyo sijaona tena.

Zikabaki wiki mbili Pasaka ifike. Mchungaji Elisée, ambaye kwa bahati hakuwa mtu wa kinyongo, alimletea Capitoline kazi ya magauni thelathini ya kwaya. Lakini alisema wazi: kinamama wake hawatapanda ghorofa nne. Jumamosi asubuhi watakuja kupimwa chini, na wakikuta mlango umefungwa watavuka barabara. Fundi wa ng'ambo alikuwa amekwisha waita.

Ijumaa jioni Capitoline aliomba ufunguo.

"Kesho niko kazini," alisema Adrien. "Siwezi kuacha duka wazi mimi sipo. Ataingia nani? Nitajuaje?"

"Ni magauni thelathini, Papa Fiacre."

"Vumilia. Kuna mtu mmoja namchunguza, yuko karibu kufaulu."

Capitoline hakusema zaidi. Adrien alifurahi kwamba mkewe ameelewa. Maskini, ndoa ya miaka kumi na tisa na bado hakujua kwamba mwanamke huyo akinyamaza ndipo ameamua.

Jumamosi Adrien alipofika Randburg na kuanza kuandika namba za magari ya watu, mkewe alikuwa anagonga kwa msimamizi wa jengo, ambaye ana funguo za akiba za vyumba vyote. Mlango wa bati ukapanda mpaka juu, mara ya kwanza kwa miezi minne. Turubai likaanguka. Capitoline na kinamama sita wa kwaya walizisukuma bajaji nje moja moja, wakaimba wakisukuma, wakazipanga kando ya barabara, kwa sababu tu walihitaji nafasi ya meza.

Adrien alirudi saa kumi na mbili jioni. Kwa mbali aliona mlango wazi, taa inawaka, na bajaji moja nje. Moja. Akakimbia, buti zikipiga lami, akipapasa filimbi kifuani.

Capitoline alikuwa mezani na pini mdomoni, anakata kitambaa cha zambarau. Chini ya meza kulikuwa na furushi la pesa limefungwa kwenye kipande cha bitana.

"Tumeibiwa!" alisema Adrien.

Capitoline alitoa pini mdomoni. "Tumeuza. Mbili. Hiyo ya tatu mtu anakuja kesho baada ya ibada."

"Umeuzia nani?"

"Mmoja anauza mayai. Mwingine anagawa maji ya kunywa. Walikuwa wanapita, wakaona."

"Wametumwa na nani?"

"Na macho yao."

"Hukuwaandika?"

"Niliandika mwisho, kwenye karatasi za gari, tulipokuwa tumekubaliana. Wewe ulikuwa unaanza na majina."

Adrien alikaa kwenye kiti chake cha plastiki, ambacho mtu alikuwa amekisogeza kwenye kona.

"Sasa uliwauliza nini?"

"Niliwauliza wanataka ya rangi gani."

"Zote nyekundu."

"Ndiyo, wakacheka. Halafu nikawaambia karibuni."

Alirudi kwenye mkasi wake. Hakumkaripia, na hilo ndilo lililomchoma Adrien zaidi. Alijaribu kukumbuka kama katika miezi minne aliwahi kumwambia mtu yeyote karibu, pale mlangoni, hata mchungaji, na hakukumbuka. Aibu ilimpanda kutoka kwenye buti mpaka masikioni. Aliwaza ngazi, na yule mama aliyepimwa kiuno ghorofa ya pili mbele ya watu wenye ndoo, na mkewe akiwa amepiga magoti pale na futi yake.

Akavua koti la sare, akapanda juu kuleta vyerehani. Cha kwanza alikibeba begani, kichwa na meza yake pamoja, akishuka kiubavu na kutweta. Ghorofa ya tatu alikutana na Ruphin, kinyozi Mkongo, jirani ambaye Adrien kwa miezi minne alimwapia kwamba chini hakuna kitu isipokuwa samani za shemeji yake.

"Bwana Adrien," alisema Ruphin akimpisha, "eish, kumbe bajaji zile zilizokuwa nje leo ni zako?"

Adrien alisimama. Cherehani kilikuwa kizito na jasho lilimwingia machoni.

"Si zangu," alisema. "Ni za mke wangu. Yuko chini, mlango uko wazi. Nenda kamwulize."