Alinikataza Simu Sikioni, Sasa Spika Imemuumbua

Admin, jina langu lifiche, na kijiji kiache hapo hapo upande wa Shimoni. Wenzangu wa mwani watanijua tu, na wakinijua si neno. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, nimo ndani ya ndoa mwaka wa nane, sijajaaliwa mtoto. Ninalima mwani, na wa wenzangu ninaununua nikauza kwa wanunuzi wa mbali. Biashara hii sikuachiwa na mtu. Niliianza kwa kamba za kuazima. Leo mizani ni yangu na ghala ni langu.

Simu ndiyo ofisi yangu. Nilikuwa ninaichomeka kiunoni, kwenye fundo la leso, kama tunavyofanya sote ili isilowe. Hapo ndipo aliponipatia wifi yangu. Ninasema dada wa mume, si ile ya mtandao, ingawa na huyu akiingia nyumbani habari hufika kila chumba bila waya. Alikuja kutoka Ukunda na maneno yake: miale ya simu inachoma kizazi. "Kaka, mkeo anajipikia tumbo kila siku, halafu unamwombea dua apate mtoto?"

Mume wangu akalishika hilo. Zikaanza amri: simu isikae mwilini, nisiiweke sikioni, kila nikiongea niweke spika, chumbani isiingie. Na yeye? Simu mbili, moja kila mfuko wa suruali, mbele. Nilipomwuliza akacheka. "Mimi ni chuma, bibi."

Nikaenda kwa nesi mmoja Msambweni. Nikapimwa, na majibu yalipotoka akaniambia, "Mwanangu, wewe uko sawa. Na hakuna aliyethibitisha kuwa simu inafunga kizazi. Ukiwa na wasiwasi, umbali ndio dawa. Tumia spika au waya za masikioni, ongea kwa ufupi, andika ujumbe, na pale mtandao ulipo hafifu usipigepige, maana hapo simu hujikaza zaidi. Lakini mume naye amepimwa?"

Nikalipeleka swali nyumbani. "Mwanamume hapimwi," akasema, "mwanamume hupima."

Tangu siku hiyo mambo yakageuka. Alininyang'anya simu, eti kwa afya yangu, akampa dada yake. Wifi akawa anapokea wanunuzi wangu na kuwaambia mimi ni mgonjwa. Kwenye arusi ya jirani, mbele ya wanawake wote, akanishika bega: "Huyu msimlaumu, tumbo limeungua na simu." Wakacheka. Nikacheka nao, admin. Haukupita muda nikasikia mume wangu amepeleka posa kwingine, anataka mke asiyeungua.

Mimi ni mtu wa mizani. Mwani mbichi kilo nane, ukikauka unapata kama kilo moja. Maneno ya mume wangu nikayaanika vivyo hivyo, ningoje nione kitakachobaki. Nikanunua simu ndogo, zile tunazoziita mulika mwizi, nikawarudisha wanunuzi mmoja mmoja. Kwa spika. Amri ni amri.

Juma lililopita tulikuwa uwanjani tunapoanika mwani, tunapima. Aliyeleta mzigo wake ni Bi Mishi, halati yake huyo bibi arusi mtarajiwa, yaani mama yake mdogo. Kwenye mizani hatununiani. Mume wangu akapiga; namba yangu mpya alishaipata kwa watu. Nikailaza simu juu ya gunia, nikabonyeza spika.

"Ninasikia wasema nikapimwe," akaanza, hata salamu hakuna.

"Ninasema. Kabla hujaoa mtoto wa watu."

"Nilishapimwa Mombasa, mwaka juzi. Shida ni yangu. Haya, umeridhika? Sasa ole wako umwambie mtu. Watu wameshaamini ni simu, waache waamini."

Bi Mishi alilitua gunia lake taratibu.

"Mbona umenyamaza?"

"Nimeweka spika, mume wangu. Ulinikataza simu sikioni."

"Uko na nani hapo?"

Bi Mishi akaiinamia simu. "Niamkie basi, mkwe. Ni mimi halati yako."

Kabla ya alasiri posa ilikuwa imerudishwa.

Sasa amekuja analia. Anasema yaishe, simu yangu atairudisha, tulee mtoto wa ndugu yake, mradi niwaambie watu kuwa yale yalikuwa maneno ya hasira. Nimempa sharti moja: aje uwanjani na dada yake, mbele ya wale wale walionicheka, aseme kwa mdomo wake kuwa tumbo la mkewe halijaungua. Anasema ninataka kumuua. Simtaki afe, ninataka asikike. Mama yangu aniambia nimsitiri. Kaka yangu asema niende kwa kadhi nidai talaka. Lakini talaka tupu naiona nafuu kwake; ataoa mbali, huko Taru wasikomjua, na mtoto mwingine wa watu ataambiwa ameungua.

Basi msiniambie nisamehe, hilo nimeshaambiwa na wengi. Niambieni sharti nilikaze au nililegeze. Hivi ninavyoandika simu inaita, ni yeye. Iko juu ya meza, mbali na mwili wangu, kama alivyonifundisha. Wenzangu wako nje wanaanika mwani. Nishaurini jamani, nipokee? Na nikipokea, niwaite wenzangu kwanza?